Pima Ua Kabla ya Kukata: Mapambo ya Krismasi kwa Karatasi ya Chiyogami

Kosa la kwanza la wanaoanza kutengeneza mapambo ya Krismasi kwa chiyogami, ile karatasi ya Kijapani yenye maua na dhahabu, hutokea kabla mkasi haujashikwa. Mtu anaona karatasi yenye korongo wanaoruka juu ya mawimbi, kila korongo ana ukubwa wa kiganja, anaipenda, anainunua, kisha anaikata ili afunike mpira wa sentimita sita. Anaishia na nusu ya bawa upande huu, mguu upande ule, na doa jekundu ambalo hakuna anayejua lilikuwa nini. Karatasi ilikuwa nzuri na kazi ya gundi ni safi, ila korongo hayupo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa nautanguliza: chagua karatasi kwa ukubwa wa mchoro wake, si kwa uzuri wake ikiwa imetandazwa mezani. Kwa mpira wa sentimita sita, tafuta maua yasiyozidi ukucha wa kidole gumba. Kwa ndege wa kukunjwa kutoka mraba wa sentimita 15, mchoro wa sentimita mbili au tatu unavumilika. Korongo wa kiganja wana mahali pao pia, ila ni kwenye pambo bapa, ambako unaweza kumkata ndege mzima na kumbandika katikati ya duara.

Kupima ni rahisi. Chukua kadi nyeupe, itoboe tundu lenye umbo na ukubwa wa pambo unalotaka, kisha lipitishe polepole juu ya karatasi. Kinachoonekana ndani ya tundu ndicho kitakachoonekana mtini. Mara nyingi utagundua kwamba kona moja ya karatasi inafaa na nyingine haifai kabisa, maana michoro mingi ya aina hii haikugawanywa sawasawa: kuna mahali maua yamesongamana, na mahali pameachwa rangi tupu. Fundi anayeshona vitenge anajua jambo hili bila kuambiwa. Hakati kifua cha gauni kabla hajaamua ua kubwa likae wapi. Tia alama kwa penseli nyuma ya karatasi, na usikate mpaka umeshachora vipande vyote.

Tuitazame karatasi yenyewe, kwa sababu kuielewa kutakuokoa fedha. Chiyogami ilianza kama karatasi ndogo za mapambo zilizochapwa kwa mbao zilizochongwa, enzi za Edo, na ilitumika kutengenezea wanasesere na kufunikia visanduku. Huko Tokyo, mtaa wa Yanaka, liko duka la Isetatsu lililoanzishwa mwaka 1864 ambalo bado linauza karatasi za namna hiyo. Lakini nyingi ya zile zinazouzwa leo duniani kwa jina la chiyogami ni za mtindo wa yuzen. Michoro yake imetokana na kimono za Kyoto, na jina linamkumbuka Miyazaki Yuzen, mchoraji wa feni aliyeishi mji huo katika karne ya 17. Karatasi za yuzen huchapwa kwa skrini, kwa namna ileile ya kuchapa fulana, rangi moja baada ya nyingine, na dhahabu yake huwa na skrini yake. Ukipitisha kidole juu yake unahisi rangi imeinuka kidogo.

Chini ya rangi hiyo kuna washi, karatasi ya Kijapani yenyewe, na ndiyo inayobeba kazi yote. Iliyo bora inatokana na nyuzi za gome la ndani la kozo, mti wa jamii ya mforosadi. (Mti huohuo uliletwa Uganda, na katika msitu wa Mabira umeenea hadi ukawa kero kwa wahifadhi. Kumbe malighafi tunayo, tunayokosa ni mafundi.) Nyuzi za kozo ni ndefu mara kadhaa kuliko za karatasi ya mbao ya kawaida, na kwa sababu hiyo washi inakunjwa na kufunguliwa, inaloweshwa gundi, inavutwa juu ya kitu cha duara, na haichaniki. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza utengenezaji wa washi wa maeneo matatu ya Japani, katika mikoa ya Shimane, Gifu na Saitama, kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hiyo ni karatasi ya mkono, na bei yake ni ya mkono. Yuzen ya kawaida madukani nyingi imetengenezwa kwa mashine na kuchanganywa nyuzi nyingine, na kwa mapambo ya Krismasi inatosha kabisa. Usikubali kulipia zaidi ya hapo kwa kitu kitakachoning'inia karibu na balbu.

Cha kuepuka ni karatasi ya kawaida iliyochapwa mchoro wa Kijapani kwa printa. Kwenye picha ya mtandaoni haitofautiki na ya kweli. Ikifika mkononi, kunja kona, ibane kwa ukucha, ifungue. Kwenye washi mkunjo unabaki na rangi yake. Kwenye ile nyingine unatokea mstari mweupe, kwa kuwa rangi ilikaa juu tu. Chana kipande kidogo pia: ukingo wa washi unatoa manyoya. Kisha pitisha kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya pembe moja. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, karatasi hiyo iwekee kazi za kukunja, usiipeleke kwenye gundi.

Karatasi hizi si rahisi kuzipata katika maduka yetu ya vifaa vya ofisi, na wengi huziagiza mtandaoni au humwomba ndugu aliye ng'ambo. Karatasi nzima ina takriban sentimita 60 kwa 90, kwa hiyo inatoa miraba 24 ya sentimita 15. Kwa anayeanza, miraba hiyo ni mingi mno ya mchoro mmoja. Nunua pakiti ya miraba iliyochanganywa, hata kama kwa hesabu ya sentimita inatoka ghali zaidi, maana mti wenye mapambo yote ya ua moja unachosha macho. Ukiagiza karatasi nzima, sisitiza isafirishwe ikiwa imeviringishwa. Mkunjo wa posta hautoki, hata kwa pasi.

Pengine mtu atakuambia kwamba hii ni mila ya kale ya Kijapani. Siyo. Krismasi huko si sikukuu ya kitaifa, Wakristo ni takriban asilimia moja ya watu, na siku hiyo inajulikana zaidi kwa keki ya krimu na stroberi. Sikukuu kubwa ya familia ni Mwaka Mpya. Mapambo tunayoyazungumzia yamezaliwa pale wapenzi wa karatasi walipoona kwamba karatasi ya huko na mti wa huku vinapatana. Mfano mkubwa uko New York: Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani yamekuwa yakisimamisha mti uliopambwa kwa origami, yaani karatasi za kukunjwa, tangu miaka ya 1970, kazi iliyoanzia kwa Alice Gray, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi hapohapo. Kwa hiyo huna haja ya kuogopa kuvunja mwiko. Hakuna mwiko.

Kuhusu gundi nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ile inayoyeyuka kwa maji na kukauka bila rangi, sehemu mbili za gundi kwa moja ya maji. Mafundi wa Japani wamezoea gundi ya wanga wa ngano au mchele, na uji mzito wa unga wa ngano unashika vizuri sana. Lakini katika joto na unyevu wa Pwani, uji huo ni karamu ya mende, na ukungu nao haukawii. Gundi za kukauka papo hapo zinapenya karatasi na kuacha madoa ya kijivu. Gundi ya viatu inakuwa njano. Ziache.

Sasa mpira, ambao ndio pambo linalopendwa kuliko yote na linalosumbua kuliko yote. Unahitaji mpira mwepesi mweupe wa povu, aina ileile ya povu inayozuia televisheni mpya isivunjike ndani ya boksi lake. Wa kipenyo cha sentimita sita una mzingo wa karibu sentimita 18.9, na kutoka ncha ya juu hadi ya chini kuna nusu yake, yaani sentimita 9.4. Kata mstatili wa karatasi wa sentimita 19.5 kwa 9.4, ile ziada ya upana ni ya kupandiana. Nyuma yake chora mstari katikati kwa urefu wote, kisha gawa upande mrefu katika sehemu 12 za takriban sentimita 1.6 kila moja.

Kutoka ukingo wa juu, kata kila sehemu iwe na umbo la nusu jani: pana karibu na mstari wa kati, na nyembamba hadi ncha ya milimita mbili hivi juu. Fanya hivyo pia kutoka ukingo wa chini. Usifike kwenye mstari wa kati. Acha mkanda wa nusu sentimita ambao haujakatwa, ndio utakaoshikilia majani yote 24 pamoja. Mkasi mdogo wa kucha unafanya kazi hii vizuri kuliko mkasi mkubwa. Kwa mikato iliyonyooka tumia kisu cha karatasi chenye wembe mpya. Wembe butu unazivuta nyuzi ndefu za washi badala ya kuzikata, na ukingo unabaki na ndevu.

Paka gundi kwenye mkanda wa kati peke yake, uuzungushie mpira kwenye kiuno chake, na uhakikishe umekaa sawa. Subiri ushike. Halafu lipake jani moja gundi nyembamba kwa nyuma, liache nusu dakika ili karatasi ilegee na kutanuka, ndipo ulilaze kuelekea kwenye ncha, ukisukuma hewa kwa kidole kutoka kiunoni kwenda juu. Fuata na jani la upande wa pili wa mpira, si la jirani, ili mvuto ugawanyike. Endelea ukivuka hivyo hadi uyamalize ya juu, kisha geuza. Majani yatapandiana kidogo, na ndivyo yanavyotakiwa. Mianya myeupe ndiyo inayoaibisha. Mikunjo midogo inayobaki ikiwa mbichi, usiikwaruze. Washi inapokauka inajikaza yenyewe, na mingi itapotea.

Ncha mbili zitakuwa na makutano yasiyopendeza. Zifunike kwa viduara vya sentimita moja na nusu vya karatasi ileile, au ya rangi moja inayopatana nayo. Kabla ya kufunika ncha ya juu, choma tundu kwa sindano nene, tia gundi, na usukume ndani fundo la uzi. Anayesubiri mpaka mwisho ndipo afikirie uzi atalazimika kutoboa kazi yake mwenyewe.

Vanishi si lazima, ila inasaidia kama watoto watashika. Iwe ya maji. Vanishi za kupuliza na zile za mafundi samani zina vimiminika vinavyoyeyusha povu, na mpira wako utajikunyata ndani ya nguo yake ukiutazama. Tabaka mbili nyembamba zinatosha. Choma njiti ya mshikaki kwenye mpira, simika njiti hiyo ndani ya kiazi, na uache pambo likauke bila kugusa kitu.

Usipopata mpira wa povu, tumia yai. Wapenzi wa washi wamefunika mayai kwa miaka mingi, na yai ni zuri kuliko mpira, kwa maoni yangu, kwa sababu lina umbo lenye uhai. Toboa ncha zote mbili kwa sindano, tundu la chini liwe kubwa kidogo, vunja kiini kwa sindano hiyo, pulizia juu, na kinachotoka kipeleke kwenye kikaango. Suuza ganda kwa maji yenye sabuni, likauke siku nzima. Yai la kuku linavunjika kwa mikono mizito, ila karatasi iliyokauka juu yake inaliimarisha sana. Ukipata yai la kanga, furahi: ganda lake ni gumu mno, na udogo wake unapendeza kwenye matawi ya chini. Vipimo vya majani chukua kwa uzi, usitumie hesabu ya mpira.

Korongo wa kukunjwa anahitaji maneno machache zaidi, kwa kuwa namna ya kumkunja imechorwa katika vitabu vingi. Uzuri wake kwa chiyogami ni kwamba akikamilika anaonyesha upande mmoja tu wa karatasi, na upande mweupe wa nyuma unajificha. Ugumu ni unene. Shingo na mkia vina matabaka mengi, na yuzen ni nzito kuliko karatasi ya origami ya kawaida, hivyo usianze na mraba ulio chini ya sentimita kumi. Fanya mazoezi kwa karatasi ya daftari hadi mikono iizoee njia, maana washi inasamehe kuchezewa lakini mikunjo iliyorudiwarudiwa inafifisha dhahabu. Kila mkunjo ubonyeze kwa mgongo wa kijiko badala ya ukucha. Kumtundika, pitisha sindano kutoka kwenye tundu la tumboni itokee katikati ya mgongo, na uweke shanga chini kama kizuizi. Ukifunga uzi shingoni atainama kama kuku anayepelekwa sokoni.

Nyota ya Kijerumani inayosukwa kwa mikanda minne, inayoitwa kwa jina la mwalimu Friedrich Froebel, inawavutia wengi. Kuna uhusiano hapa ambao ninaupenda: ukunjaji wa karatasi ulikuwa sehemu ya mafunzo ya chekechea za Froebel, na chekechea ya namna hiyo ilifunguliwa Tokyo mwaka 1876, ikakutana na watu waliokuwa wakikunja tangu zamani. Lakini kwa yuzen sikushauri kuisuka. Mikanda inakunjwa maradufu, unene unazidi, na katikati panavimba. Tumia chiyogami nyepesi, au ifanye kwa karatasi ya kawaida na uweke yuzen pembeni.

Watoto wape mapambo bapa. Kata maumbo kutoka kwenye boksi la nafaka za asubuhi: duara, kengele, samaki ukipenda. Bandika karatasi pande zote mbili kwa siku hiyohiyo. Ukibandika upande mmoja tu, karatasi inapokauka inavuta, na kengele yako itapinda kama kigae. Kandamiza chini ya vitabu hadi kesho yake, ukiweka plastiki katikati yasigandane. Ukingo upitishie kalamu ya wino wa dhahabu, na ule ukingo wa kijivu wa boksi utasahaulika.

Kuhusu maana za michoro, usijifunge sana, ila ni vizuri kujua unachotundika. Asanoha, nyota za jani la katani, ilizoeleka kwenye nguo za watoto wachanga kwa kuwa katani hukua haraka na imenyooka. Pambo la Krismasi ya kwanza ya mtoto linafaa kukatwa kutoka humo. Msonobari, mianzi na plamu zikiwa pamoja ni heri za Mwaka Mpya, nazo zinakupa ruhusa ya kuacha mti hadi Januari bila majirani kusema. Nyekundu na nyeupe ni rangi za sherehe. Ukitaka kufunga kwa mizuhiki, zile kamba ngumu za karatasi ambazo mji wa Iida mkoani Nagano unasifika kwa kuzitengeneza, chagua nyekundu na nyeupe au dhahabu. Nyeusi na nyeupe hufunga bahasha za rambirambi.

Na usihangaike kutafuta kijani na nyekundu. Chiyogami iliyochapwa makusudi kwa Krismasi huwa dhaifu. Bluu nzito yenye mawimbi ya dhahabu inang'aa vizuri zaidi katikati ya majani.

Mapambo haya ni mepesi, na hiyo ni faida kwetu. Wanaotumia tawi la mvinje wanajua jinsi linavyolegea likitundikiwa mipira ya kioo. Mayai na korongo wa karatasi hayalisumbui. Ila mvinje unakauka haraka, na karatasi juu ya majani makavu ni kuni. Tumia taa za LED, zisizopata joto kama balbu za zamani, na mishumaa iwe chumba kingine. Usiuweke mti dirishani pa jua la mchana pia, maana waridi na zambarau hupauka kwanza.

Mapambo yakishashushwa, yapanguse vumbi kwa brashi laini, yafunge moja moja kwa karatasi nyororo, na uyaweke ndani ya bati la biskuti pamoja na vile vipaketi vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mfuko wa plastiki uliofungwa unahifadhi unyevu pamoja na pambo. Mabaki ya kila karatasi, hata ya upana wa kidole, yatie kwenye bahasha na uandike juu yake yametumika kwenye pambo lipi. Mwaka ujao kuna jani moja litakalokuwa limebanduka nchani, na kiraka cha karatasi ileile ukikibandika kwa tone la gundi hakitaonekana.